MTOTO WA UMRI WA KIPAIMARA: SOMO KWA WAZAZI NA WALIMU



Katika darasa letu la kipaimara alikuwako binti wa miaka 12 ambaye sisi walimu tulimtegemea sana. Ukiuliza Amri ya tano, mkono wake ndio wa kwanza kupanda. Mwenzake akikwama katika Imani ya Mitume, yeye humsaidia kwa kunong'ona mpaka tunamkataza. Jumapili moja hakuonekana. Ya pili hakuonekana, wala ya tatu. Tukachukua daftari la mahudhurio, tukaandika mbele ya jina lake neno moja: mzembe. Kisha tukaendelea na wengine, maana Baba Askofu alikuwa karibu kuja, na watoto wa kutayarishwa walikuwa wengi.

Hatujivunii neno lile. Tunalitaja kwa sababu somo hili limetokana nalo.

Baba Askofu alikuja, akawawekea mikono wenzake, akaondoka. Baada ya hapo ndipo kina mama wawili wa Umoja walipokwenda nyumbani kwa yule binti kumjulia hali, na habari waliyotuletea ilitunyamazisha. Mtoto alikuwa amevunja ungo. Mama yake, mtu mwema na mcha Mungu, alimpa vipande vya kanga akamwambia, "Sasa umekuwa mkubwa. Ukikaa na wavulana utapata mimba." Basi. Hakuongeza neno. Na darasani kwetu mabenchi ni machache, wavulana na wasichana hukaa pamoja. Mtoto akafikiri peke yake, akaona afadhali akose kipaimara kuliko kumwaibisha mama yake kwa kukaa benchi moja na mvulana. Tulimwita mzembe, kumbe katika watoto wote tuliokuwa nao yeye ndiye aliyekuwa mtii zaidi.

Je, mtoto mwenye akili kiasi kile aliwezaje kuamini jambo kama hilo? Ili tupate jibu inatubidi turudi nyuma kidogo, tutazame jinsi akili ya mtoto inavyokua.

Alikuwako mtaalamu wa Uswisi aliyeitwa Jean Piaget (1896–1980), ambaye kwa miaka mingi aliwauliza watoto maswali madogo madogo na kuyachunguza majibu yao. Moja la majaribio yake waweza kulifanya leo jikoni kwako. Chukua vikombe viwili vilivyo sawa, utie maji sawasawa, kisha mwulize mtoto wa miaka minne au mitano kama maji ni sawa. Atakubali. Sasa, mbele ya macho yake, mimina maji ya kikombe kimoja katika glasi nyembamba iliyo ndefu, umwulize tena. Watoto wengi wa umri huo watakuambia kwamba maji ya glasi ni mengi zaidi, kwa kuwa yamepanda juu. Huwezi kumshinda kwa hoja, wala kwa kofi. Mrudie akiwa na miaka minane, naye atakucheka: "Si maji yale yale?" Sisi tulilifanya jaribio hili kwa watoto wadogo wa Shule ya Jumapili, tukatumia chai badala ya maji. Mmoja alilia akitaka apewe glasi.

Yule mdogo si mjinga, na yule wa miaka minane hakufundishwa somo la maji shuleni. Akili yake imekomaa hatua moja. Hata hivyo bado hushika zaidi yale anayoweza kuyaona na kuyagusa, na maneno huyapokea kama yalivyo. Ukimwambia Yesu ni Mwanakondoo wa Mungu, atataka kujua anachungwa wapi. Wako watoto wanaoikariri Katekisimo yote bila kukosea, nasi tukapiga makofi, huku maneno mengine yamekaa vichwani mwao kama mizigo iliyofungwa. Mzigo huo hufunguliwa baadaye.

Unaanza kufunguliwa lini? Kwa watoto wengi ni kama miaka 11 au 12 na kuendelea. Hapo mtoto huanza kuweza kufikiri juu ya mambo yasiyoonekana, na kuuliza ingekuwaje kama mambo yangekuwa vingine. Kama Mungu ni mwema, mbona mdogo wangu alikufa? Kama tunafundishwa kusamehe, mbona baba hasemi na baba mdogo? Maswali haya huja na sauti ambayo wazazi wengi huiita kiburi. Tunakiri kwamba nasi tuliwahi kumtoa mtoto nje ya darasa kwa swali la namna hiyo, naye hakuwa na kosa isipokuwa kwamba hatukuwa na jibu.

Wala mtoto haamki siku moja akawa na akili ya mtu mzima. Hatua hizi huingiliana. Huyu huyu aliyekuuliza asubuhi juu ya haki ya Mungu, jioni anagombania mguu wa kuku na mdogo wake. Binti yetu alikuwa hapo katikati. Neno la mama yake alilipokea kama mtoto mdogo anavyolipokea, kama lilivyo, kisha akalitii kwa moyo wa mtu mkubwa. Neno lenyewe lilikuwa nusu.

Tusome habari ya Bwana wetu alipokuwa na umri huo huo (Lk. 2:41–52). Mwinjilisti Luka anatueleza kwamba wazazi walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani kijana yumo msafarani, na kwamba walimwona baada ya siku tatu, ameketi hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Mama yake alimwuliza kwa uchungu mbona amewatenda vile. Jibu alilotoa hawakulielewa. Luka hafichi jambo hilo: Mariamu na Yusufu, katika nyumba ile takatifu, hawakumwelewa kijana wao wa miaka 12. Hatusomi kwamba alipigwa, wala kwamba alikatazwa asiulize tena. Alishuka nao Nazareti akawatii, na mama yake aliyaweka yote moyoni akiyatafakari. Tena Luka anasema kwamba aliendelea kukua, kwa hekima na kwa kimo pia. Mwili umetajwa. Sisi ndio tunaoona haya kuutaja.

Basi na tuutaje. Msichana kwa kawaida huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14. Ndiyo maana katika darasa la sita unaona wasichana warefu wamekaa na wavulana ambao bado ni vitoto, na kila upande unaona aibu kwa sababu ya mwenzake. Kwa msichana dalili ya kwanza mara nyingi ni matiti kuanza kuota, na hedhi hufuata baada ya muda, mara nyingi kama miaka miwili au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mama anayo nafasi. Mwili wa binti humpelekea mama barua mapema, wala hana sababu ya kungoja siku ile ya damu ndipo aanze kutafuta maneno. Katika mwaka wa kwanza au wa pili hedhi yaweza kurukaruka, ikaja mwezi huu na kukosa mwezi ujao. Msichana aambiwe jambo hilo, asije akaishi kwa hofu.

Aambiwe pia kwamba hedhi si uchafu mbele za Mungu. Wako wasichana wanaoikwepa Meza ya Bwana siku zile, na wako watu wazima wanaowaunga mkono. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 aliligusa vazi la Bwana, naye hakufukuzwa. Aliitwa binti, akaenda zake na amani (Mk. 5:25–34).

Na wavulana? Hapa kina baba tunakaa kimya kupita kiasi. Msichana walau hupewa kanga. Mvulana sauti yake inakatika katikati ya wimbo, watu wanacheka, naye anaacha kwaya. Usiku anaamka ametokwa na mbegu, anadhani ameugua au ametenda dhambi, anaificha shuka. Mzee mmoja wa kanisa letu alituambia kwamba yeye alikaa mwaka mzima akiamini kwamba anakufa, na baba yake walilala chumba kimoja. Dakika kumi za maneno njiani kutoka shambani zingetosha. Mwambie mwanao: jambo hili litakupata, lilinipata mimi, si ugonjwa wala si dhambi, ni dalili kwamba mwili wako sasa waweza kuzaa mtoto, na kwa hiyo una wajibu ambao jana hukuwa nao.

Tuna neno pia juu ya kichwa cha kijana. Wataalamu wamechunguza ubongo wa vijana kwa mitambo ya hospitali, wakaona kwamba sehemu ya mbele, ile inayotusaidia kupima matokeo na kujizuia, huchelewa kukomaa. Inaendelea kukua mpaka miaka ishirini na kitu. Sehemu zinazohusika na hamu, furaha na hasira huamka mapema zaidi. Tena akiwa mbele ya rafiki zake kijana huthubutu mambo ambayo akiwa peke yake asingeyajaribu. Mzazi anauliza, "Ulikuwa unafikiri nini?" na kijana anajibu, "Sijui." Mara nyingi anasema kweli. Hatusemi haya ili kosa lipite bila kurudiwa, la hasha. Kijana aliyevunja kioo cha jirani na afanye kazi mpaka alipe. Tunasema ili adhabu iwe na mafundisho, na ili mzazi ajue kwamba kazi ya kumsaidia kijana kupima mambo haiishi siku anapompita baba yake kimo.

Hata usingizi hubadilika. Mtoto wa shule ya msingi huhitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 huhitaji saa 8 mpaka 10, lakini mwili wake huchelewa kusikia usingizi jioni, basi asubuhi kumwamsha ni vita. Sehemu fulani ya jambo tunaloliita uvivu ni hiyo. Sehemu nyingine, tusidanganyane, ni simu chini ya shuka.

Wazee wetu walilijua tatizo hili kabla ya wataalamu. Katika makabila mengi mama hakumfundisha binti yake mambo haya kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwako somo, au kungwi, au bibi, au shangazi, na kwa wavulana jando. Aibu kati ya mzazi na mtoto ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na dawa: mtu mwingine aliwekwa, akijulikana na wote. Kanisa letu la Anglikana liliwahi kulitazama jambo hili kwa makini. Huko Masasi, Vincent Lucas wa UMCA, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa dayosisi ile toka 1926 mpaka 1944, pamoja na makasisi na walimu Waafrika, waliliingiza jando katika maisha ya Kanisa, wakaondoa yale yasiyopatana na Injili na kuweka sala na mafundisho ya Kikristo. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Watu wamebishana sana juu ya jaribio lile, wengine wakilisifu na wengine wakilikataa, nasi hatuna shauri la kulirudisha. Lakini wazee wale waliona jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba ukiondoa mwalimu wa zamani usipoweka mwingine, kiti hakikai kitupu.

Leo kiti kile kimekaliwa na nani? Shangazi yuko kijijini, sisi tuko mjini. Bibi huonekana Krismasi. Mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, baba anarudi usiku. Mtoto anafundishwa na wenzake wa darasa la saba, ambao nao hawajui, na kwa simu, ambayo humwonyesha mambo ya watu wazima kabla hajajua mwili wake mwenyewe ukoje. Wako pia watu wabaya wanaokitafuta kiti hicho kwa makusudi. Mtoto asiyekuwa na jina la sehemu za mwili wake hawezi kusema ameguswa wapi, na mtoto aliyezoea kwamba mambo haya hayasemwi nyumbani ataitunza siri ya mtu anayemwonea. Mtoto mdogo wa miaka minne anaweza kufundishwa kwamba sehemu zile ni zake, kwamba asimruhusu mtu kuzichezea, hata akiwa mjomba au mwalimu wa kanisa, na kwamba akiambiwa "usimwambie mama", hapo ndipo akimbie amwambie mama. Tumetaja mwalimu wa kanisa makusudi.

Lakini mwenzetu mmoja katika kikao alisimama akasema, "Mkiwaambia mapema mnawafungulia mlango wa dhambi." Neno hili tunaliheshimu, maana linatoka katika hofu ya mzazi. Jibu letu ni kwamba jambo hilo limechunguzwa katika nchi nyingi. Mwaka 1918 lingekuwa ni mabishano ya maneno tu, lakini mwaka 2018 shirika la UNESCO lilitoa mwongozo uliopitia uchunguzi mwingi, na humo ikaonekana kwamba kuwafundisha vijana habari za miili yao hakuwafanyi waanze uasherati. Na mlango wenyewe, ndugu zetu, ulikwisha kufunguliwa. Binti yetu hakuambiwa mapema, wala ukimya haukumlinda na kitu chochote. Ulimwondolea kipaimara.

Kuona aibu si kosa. Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi, aliwaita kina mama wa parokia, matajiri kwa maskini, wazungumze juu ya kulea watoto. Walipofika alishikwa na haya, akashindwa kusema. Aliwaomba warudi wiki iliyofuata. Walirudi, akasema, na hapo ndipo ulipoanza Umoja wa Akina Mama ambao leo umeenea duniani. Kwa hiyo mama ukianza mazungumzo na binti yako, ulimi ukawa mzito ukaishia kumtuma chumvi, usikate tamaa. Jaribu tena wiki ijayo. Watu husema kwa urahisi zaidi wakiwa na kazi mikononi na macho yakiwa kwingine: mnapochambua mchicha, mnapokwenda kisimani, mnapofua. Sema kidogo leo na kidogo kesho. Akikuuliza usilolijua, mwambie utauliza, kisha uulize kweli. Na ikiwa huwezi kabisa, mchague shangazi au mama mwaminifu wa kanisani, umwambie binti waziwazi, "Huyu ndiye utakayemwuliza, nami nimemruhusu." Usimwachie atafute mwenyewe.

Yako mambo ya kupelekwa hospitali. Msichana akianza kubadilika kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya miaka 9, amwone daktari. Vivyo hivyo msichana ambaye amefika miaka 13 bila dalili ya matiti, au 15 bila hedhi, na mvulana aliyefika 14 bila dalili yoyote. Mara nyingi ni mwili uliochelewa tu kama wa mzazi wake, lakini daktari ndiye wa kusema. Maumivu ya hedhi yanayomlaza msichana kitandani kila mwezi yana dawa, asiambiwe avumilie. Na kijana aliyekuwa mchangamfu, akawa na huzuni kwa wiki mbili na zaidi, haongei, hali, hataki rafiki, asichekwe kwamba ana mambo ya mapenzi. Huo waweza kuwa ugonjwa. Akisema anatamani kufa, mpeleke siku hiyo hiyo.

Mtauliza yule binti yuko wapi. Amerudi darasani. Tulimwomba radhi mbele ya mama yake, naye mama akalia, akasema kwamba maneno yale ndiyo aliyoambiwa yeye na mama yake, tena bila kuongezewa. Neno "mzembe" tumelifuta daftarini. Kipaimara atangoje mpaka Baba Askofu arudi, na mpaka hapo atakuwa ameukaribia umri wa miaka 14. Anawanong'onezea wenzake kama zamani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, au katika vikundi vya Umoja na vya kina baba:

1. Mtoto wako mkubwa ana miaka mingapi? Ni jambo gani katika somo hili ambalo bado hajalisikia kutoka kwako?

2. Mara ya mwisho ulipomwita mtoto mvivu, jeuri au mzembe, uliuliza kwanza sababu?

3. Katika ukoo wenu zamani ni nani aliyefundisha vijana, na leo ni nani?

4. Wewe mwenyewe ni nani aliyekuambia, na ulikuwa na miaka mingapi?